Ngata ya Noeli

Mwezi uliopita tulimzika Nabintu kule Nyantende, kwa mvua nyembamba isiyotaka kunyesha wala kuacha. Juu ya sanduku lake wajukuu waliweka taji la plastiki kutoka soko la Kadutu, maua meupe na majani ya kijani, bado limefungwa katika nailoni ili lisilowe. Nililitazama taji lile zaidi kuliko nilivyolitazama sanduku. Baadaye, ndani ya nyumba ya matanga, sahani ya bugali na maharagi ikiwa magotini, mjukuu wake aitwaye Furaha, ambaye ni mwalimu, alikuja kukaa karibu nami kwenye mkeka, akaniita koko, yaani bibi, kama alivyomwita marehemu. "Koko, ni weye Kristina?" Nikasema ni mimi. "Koko alikuwa anakutaja kila Noeli. Basi utuambie, maana weye ndiye mulisoma naye. Juu ya nini bamasere balimufukuza? Huku banasemaka alikuwa na mimba." Mkobani mwangu, chini ya leso, lilikuwamo daftari lenye jibu. Nilikuwa nimelitoa Bukavu kwa ajili ya siku ile tu. Nikasema, "Hapana, mutoto wangu, haikuwa mimba." Akangoja. Nikasema ni mambo ya zamani, nikaomba maji ya kunywa. Akaenda kuyaleta, na aliporudi niliona usoni mwake kwamba hakuniamini. Alifikiri ninamfichia koko yake aibu.

Mwaka ninaoulizwa ni wa tatu kabla ya dipanda, uhuru wetu. Tulikuwa wasichana ishirini na wanne katika shule ya bamasere, watawa wa Kizungu, juu ya kilima, tukisomea kuwa walimu wa watoto wadogo. Kutoka dirisha la chumba cha kulala tuliona ziwa na mapaa mekundu ya nyumba za Wazungu yaliyoteremka hadi majini, lakini kuteremka kwenyewe hatukuruhusiwa ila kwa mistari miwili, masere mbele na masere nyuma. Chumba chetu kilinuka sabuni ya kipande na mablanketi yaliyoanikwa bila kukauka. Chumba cha kulia kilinuka ndagala, wale dagaa wakavu, kila siku ya Ijumaa na Jumamosi yote iliyofuata. Chakula chenyewe kilikuwa bugali la muhogo, sombe ya majani ya muhogo isiyo na mafuta, na siku za sikukuu kipande cha nyama ambacho Nabintu alikiita kiraka, kwa kuwa, alisema, kilikatwa kuziba tundu la tumbo na si kulijaza. Alikuwa na kitanda kando ya changu. Aliweza kumwiga kila mtu: padri akipiga chafya katikati ya misa, mpishi akihesabu viazi, hata mimi nikiulizwa swali darasani. Alisimama, akafungua mdomo, akaufunga, akatazama viatu. Wote walicheka, na mimi pia, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa kweli.

Haya yangu haikuwa adabu, ingawa watu waliisifu kama adabu. Ilikuwa sauti inayokataa kutoka. Masere Odile, aliyetufundisha kazi za mikono na aliyekuwa amefika kutoka Ulaya mwaka ule ule, alinipa daftari la jalada la bluu akaniambia, kwa Kifaransa cha polepole, kwamba kile nisichoweza kusema nikiandike. Niliandika Kiswahili, na Kifaransa pale nilipokiweza. Kila Jumamosi baada ya kufua niliweka daftari juu ya meza yake. Yeye alisoma ili ajifunze Kiswahili chetu, akasahihisha Kifaransa changu kwa wino mwekundu, na Jumapili jioni akanirudishia. Leo ninajiuliza ni mtoto gani mwenye akili angeandika mambo ya wenzake katika daftari la namna hiyo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na sita, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza ninawaza nini.

Baba yake Nabintu alikuwa mfanyakazi katika shamba la kahawa kwenye njia ya Nyantende. Mzungu mwenye shamba aliitwa na wafanyakazi wake Bwana Kijiti, kwa sababu hakutembea bila fimbo nyembamba aliyofunulia majani kutazama kama tunda limebaki. Mtu aliyekutwa na kahawa mfukoni, hata ya kujaza kiganja, alipelekwa kwa administrateri, Mzungu wa serikali, na kurudi baada ya siku nyingi akitembea vibaya. Hayo tuliyajua kama tunavyojua mvua. Na kulikuwa na jambo jingine, nililolisikia mwenyewe siku moja ya Jumapili ya wageni, nikiwa nimekaa nyuma ya mti wa mparachichi na daftari langu. Karani mmoja wa mgodi wa dhahabu wa Kamituga alimtaka Nabintu. Alikuwa ameshaleta ng'ombe mmoja. Baba yake alisema, "Mi sikukulazimisha, mutoto wangu. Nilimuambia ule muntu angoje diplome. Lakini bamasere bakikuacha, sitakuwa na neno tena la kumuambia. Utaenda Kamituga." Nabintu akajibu, "Papa, angoje mpaka meno itoke." Mzee akacheka, lakini hakurudisha maneno yake. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa na mwisho unaoonekana, kama njia inayokatikia mtoni.

Mwanzo wa Desemba mke wa Bwana Kijiti alikuja kunywa kahawa kwa bamasere. Sisi tulimwita Madame tu. Alisema kwao Ulaya wakati wa Noeli mtu hutundika taji la majani mlangoni, na yale yanayouzwa mjini yanafika kwa meli yakiwa yamekauka, na bei yake ni kama ya kondoo. Masere Odile akasema wasichana wake watamtengenezea moja bila kununua chochote, kwa vitu ambavyo Mungu amevimwaga porini. Alitueleza hivyo darasani, mashavu yakiwa mekundu kwa furaha. Akatuonyesha kadi yenye picha: mlango wa kijani, theluji, na taji lenye majani meusi na matunda madogo madogo mekundu. Tugawanyike wawili wawili. Taji litakaloshinda litaenda mlangoni kwa Madame.

Mimi na Nabintu tulifanya pamoja. Masere alitufundisha kukunja fito mbichi ziwe duara na kuzifunga kwa uzi, lakini fito za kwetu si za kwao: zilikatika, au zilikubali kukunjwa na asubuhi tukazikuta zimejinyoosha. Darasa zima lilikuwa na mataji yaliyokaa kama mayai. Sikusema kitu. Nilienda nyuma ya jikoni kwenye migomba, nikachuna maganda makavu ya shina, nikayalowesha kidogo, nikaanza kuyasokota kama mama yangu alivyonifundisha kusokota ngata, ile pete mwanamke anayoiweka kichwani chini ya mzigo. Mama alibeba ndizi kutoka Kasha hadi sokoni miaka yote ya utoto wangu, na ngata zake hazikulegea kamwe. Siri ni kutokaza mzunguko wa kwanza. Unauacha upumue, halafu wa pili unaukaza juu yake, na wa tatu unaupitisha ndani ya ile miwili. Nilisokota ngata kubwa kama mdomo wa kikapu. Nabintu aliponiona akapiga makofi. "Eh, Kristina! Na hii, ni ngata ya tembo? Atabeba nini, Kanisa?" Kisha akaishika, akaivuta huku na huku, ikakataa kuvunjika. "Iko muzuri," akasema. "Iko muzuri sana, weye."

Juu ya ngata tulichomeka vijiti vya sipre, ule mberoshi wa ua wa shule, visogee upande mmoja kama manyoya ya ndege. Tukaongeza kangaga ndogo za bondeni, kuvu kavu la mti lenye umbo la sikio, na mbegu za kaliptusi zilizofanana na vifungo. Lilikuwa taji zuri, lakini la kijani tupu, na kwenye kadi ya Masere kulikuwa na wekundu. Jumapili iliyofuata Nabintu alipewa ruhusa kwenda kumtazama nyanya yake mgonjwa. Alirudi jioni na kitambaa chake cha kichwa kimefungwa fundo, na ndani yake kahawa mbivu, nyekundu kama damu, nyingine bado na vikonyo. "Ulitoa wapi?" nikamuuliza. "Ku njia. Matawi imepita lupango, ule ua ya shamba, iko inalala mu njia ya bantu." Akatoboa tunda moja kwa sindano, akalitazama. "Ya mu njia ni ya mupita-njia, ama?" Nikakubali, kwa kuwa kwetu ilikuwa hivyo. Pera lililoning'inia juu ya njia hukuomba ruhusa kulichuma, na mwenye mti angeona haya kukukemea. Ndivyo tulivyolelewa sote wawili. Hatukufikiri kwamba kwa mtu mwingine njia yenyewe ilikuwa yake. Tukatunga kahawa kwenye nyuzi za mgomba, tatu tatu, na nikaandika yote katika daftari langu, hata upande wa njia ambako matawi yalilala, na maneno plantation ya Bwana Kijiti, yaani shamba lake.

Taji letu likashinda. Masere Odile alilinyanyua kwa mikono miwili mbele ya darasa. Kahawa aliyoijua yeye ilikuwa ile ya kikombe. Tunda lake hakuwa amewahi kulitazama. "Nabintu! Nabintu, c'est magnifique!" Akamshika bega, akamwita mwenye mikono ya malaika. Jina langu hakulitaja. Nilisimama hatua moja nyuma, nikitazama viatu. Ninalo daftari hapa mbele yangu, na nimeandika hivi: "Leo Masere amemusifu Nabintu peke yake. Nabintu amecheka. Ngata ilikuwa yangu. Mimi sitasema kitu." Kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imechanika kidogo kwenye neno yangu.

Taji lilikaa mlangoni kwa Madame siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa katika chumba cha pasi, nikipiga pasi ya makaa nguo za altare, na kati ya chumba hicho na chumba cha wageni palikuwa na pazia tu. Nikasikia sauti ya Madame. Alisema mumewe alipoliona taji alicheka kwanza, kisha akavaa miwani, kisha hakucheka tena. "Mlangoni pangu, Masere. Kahawa yangu mwenyewe, imetundikwa mlangoni pangu, na mimi nimewaonyesha wageni!" Masere akajibu kwa sauti ya chini. Madame akasema, "Hayo matunda machache si kitu. Lakini leo ni taji, kesho ni gunia." Nabintu akaitwa. Nilisikia hatua zake zikiingia, na Masere akamuuliza ametoa wapi matunda yale. Nikasahau pasi, nikaunguza pindo la kitambaa. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba kitu alichokiokota kilikuwa na jina jingine, na akamwona baba yake mbele ya administrateri. Akasema, "Nyuma ya mahali pa kufulia, Masere. Ku miti yenu." Kweli bamasere walikuwa na mikahawa miwili pale, mikongwe, haijulikani ilizaa nini na lini. Masere akashusha pumzi. "Unaona, Madame? Ni ya kwetu." Alifurahi, alimpenda Nabintu. Madame hakuridhika, lakini aliondoka. Basi likawa limekwisha. Usiku, wakati wa chakula, Nabintu alimwiga Madame akivaa miwani ya mumewe, kwa sauti ndogo, kwangu mimi tu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ningeweza kuchana ukurasa ule Ijumaa. Ningeweza kusema daftari limeanguka majini. Ningeweza, Jumamosi, kutokulipeleka tu, na Masere mwenyewe, mwenye kazi zake za Noeli, asingeuliza. Nimeishi miaka mingi nikijitafutia maneno mazuri: kwamba nilikuwa mtoto, kwamba niliogopa kudanganya, kwamba mkono ulifuata desturi. Si kweli. Nilifua, nikaanika, nikajikausha mikono, nikachukua daftari, nikaufungua ukurasa ule nikausoma tena kuanzia juu hadi chini, nikalifunga. Nililiweka mezani kwa Masere likiwa limenyooka na ukingo wa meza. Nilikuwa bado na hasira ya ngata. Ni kitu kidogo hivyo. Ningependa kiwe kikubwa zaidi, nikione kwa mbali, lakini ni kidogo hivyo tu.

Masere hakupiga kelele. Jumapili jioni aliniita, akaweka kidole juu ya mistari, akaniuliza kama ni kweli. Nikatikisa kichwa kukubali. Macho yake yakajaa machozi, na akasema kwa Kifaransa kwamba kuiba angeweza kusamehe, lakini msichana aliyemdanganya mbele ya mgeni hawezi kufundisha watoto. Akanirudishia daftari. Katika neno plantation nilikuwa nimeandika herufi moja vibaya. Ilikuwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Masere akampelekea Madame ukweli, na kesho yake Bwana Kijiti akatuma habari kwamba baba yake Nabintu atabaki na kazi yake, na administrateri hataambiwa, ikiwa binti ataondoka shuleni mara moja. Bamasere waliona ni huruma. Kwenye chumba cha kulia hata vijiko vilikwenda polepole.

Baba yake alikuja Jumanne asubuhi, kofia mkononi, akasimama nje ya lango kama mtu aliyekuja kuomba maji. Nabintu alitoka na sanduku lake la bati. Mwenzetu mwingine alitaka kumsaidia, akakataa. Karibu na jikoni, juu ya takataka za viazi, lilikuwa limetupwa taji letu. Mtumishi wa Madame alikuwa amelirudisha Alhamisi ile. Nabintu akaliokota. Akang'oa sipre, kiganja kwa kiganja, akang'oa kangaga na mbegu za kaliptusi, bila haraka, mpaka ikabaki ngata tupu, na nyuzi mbili tatu za kahawa zilizosinyaa na kuwa nyeusi. Akaiweka kichwani. Akachuchumaa, baba yake akaingia akamtwisha sanduku, naye akasimama wima. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo ya veranda. Akageuka na mwili wote, kama mwenye mzigo anavyogeuka, akanitazama.

"Kristina. Ngata yako haiumize."

Nikatazama viatu.

"Nilimuambia Masere siku ile. Nilisema, Masere, ngata ni ya Kristina. Alikuwa ameshageuka. Weye ulisikia, ama?"

Nilikuwa nimesikia. Siku ile darasani nilisikia kila neno; alilisema kwa sauti, wala si mara moja. Daftari tu ndilo halikusikia, kwa sababu niliposhika kalamu sikutaka lisikie. Na pale verandani, sauti yangu ambayo kwa mwaka mzima ilikataa kutoka, ikatoka safi kabisa. "Hapana," nikasema. "Sikusikia."

Akanitazama bado kidogo. Sijui kama alijua. Kisha akasema, "Bon," akafuata njia ya Nyantende nyuma ya baba yake, shingo imenyooka, sanduku halitikisiki. Alikuwa amefukuzwa kwa uongo mdogo kuliko ule wangu.

Aliolewa Kamituga kabla ya Pasaka, na uzeeni akarudi Nyantende. Mimi nilipata diplome, nikafundisha watoto kusoma hadi nikastaafu, na wazazi walinisifu kuwa mwalimu mpole asiye na maneno mengi. Nabintu nilimwona tena mara mbili tu, sokoni, na mara zote mbili ni yeye aliyeniita. Aliniuliza habari za macho yangu, za watoto, akamwiga muuza chumvi, tukacheka. Habari ya shule hakuigusa. Siku ya mazishi, nilipokuwa ninaaga, Furaha alinishika mkono akanionyesha msumari juu ya mlango wa mbele. "Hapa ndiyo alikuwa anatundika ngata kila Noeli. Ngata tupu. Tulikuwa tunamucheka: Koko, bengine banaweka nyota, weye unaweka ngata! Anasema ni ya rafiki yake. Unajua maana yake?" Nikasema sijui. Hiyo ilikuwa mara ya pili kuikana ngata ile.

Jana nililifungua daftari kwenye ukurasa ule wa taji. Wino wa zamani umekuwa rangi ya kahawa, na karatasi bado imechanika kwenye neno yangu. Chini ya mstari wa mwisho palikuwa na nafasi. Nikaandika pale, kwa kalamu ya dukani, maneno yaliyokosekana: "Nabintu alisema: Masere, ngata ni ya Kristina. Nilisikia." Kisha nikaandika pia neno la verandani, na la msumarini. Nimetia daftari ndani ya bahasha, nimeandika jina la Furaha na Nyantende. Gari la huko linapita hapa saa nne. Bahasha iko juu ya meza, imenyooka na ukingo. Leo ni Jumamosi.